Bodi Haionekani kwenye Kompyuta: Mwongozo Kamili wa Kutatua Mgongano wa Draiva za Arduino na ESP32

Swali hili haliishi kuulizwa: «Nimeweka draiva tatu tofauti, nimezima na kuwasha kompyuta, na poti bado haionekani. Nifanyeje?» Anayeuliza mara nyingi ni mwanafunzi mwenye mradi wa mwaka wa mwisho, au fundi aliyenunua bodi ya Arduino au ESP32 (saketi ndogo inayopokea programu kutoka kwenye kompyuta) Kariakoo au Luthuli Avenue na mteja wake anasubiri.

Jibu la kwanza ni hili: acha kuongeza draiva, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa. Ya nne haitarekebisha kilichovurugwa na tatu za mwanzo. Bodi ikikataa kuonekana au kupokea programu, kwa kawaida chanzo ni kimoja kati ya hivi: waya usiopitisha data, draiva isiyo ya chipu hiyo, toleo la draiva lisiloelewana na chipu, au programu nyingine iliyoishikilia poti (mlango wa mawasiliano ambao kompyuta huipa bodi, kama COM5). Kila kimoja kina dalili zake, na dalili hizo zinasomeka kabla hujaweka wala kufuta kitu chochote.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Sehemu kubwa inahusu Windows 10 na 11, kwa kuwa huko ndiko draiva hugongana zaidi. Wa Linux na wa Mac wana hatua zao mbele, lakini nao waanze na hatua ya 1 na ya 2.

## Vitu vya kuandaa

- Bodi ikiwa peke yake. Chomoa sensa, mota, skrini na kila kilichounganishwa nayo. Sensa iliyounganishwa vibaya inaweza kushusha umeme wa USB, ukaishia kuilaumu draiva bure.
- Waya wa USB uliowahi kuhamishia picha au faili kutoka kwenye simu, na mwingine wa akiba.
- Akaunti ya kompyuta yenye haki za msimamizi. Kwa kompyuta ya maabara ya chuo, muombe anayeisimamia awepo.
- Arduino IDE (programu ya kuandikia na kupandishia kodi kwenye bodi) iliyokwisha kuwekwa.
- Waya mbili za jampa (nyaya fupi za kuunganisha pini) kwa ajili ya jaribio la mwisho.
- Intaneti kidogo. Draiva hizi ni faili ndogo, bando dogo linatosha.
- Daftari. Utaandika namba, na namba hizo ndizo zitakazokuongoza.

## Hatua ya 1: Thibitisha waya kabla ya kitu kingine

Taa ya bodi kuwaka haina maana kwamba waya ni mzima. Taa inahitaji umeme tu. Nyaya nyingi za kuchajia simu zina nyuzi mbili za umeme na hazina zile mbili za data, kwa hiyo bodi itawaka vizuri kabisa na kompyuta isijue kama ipo.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Dirisha la Device Manager litafunguka. Sasa chomeka bodi moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kupitia kigawanya USB, huku ukilitazama dirisha hilo.

Dalili ya mafanikio: orodha inajipanga upya mara tu unapochomeka, na tena unapochomoa. Hata kama bodi imetokea na alama ya njano, hiyo ni habari njema: kompyuta imeiona.

Orodha isipotikisika hata kidogo, badilisha waya, kisha badilisha tundu la USB. Usiende hatua nyingine, maana hakuna draiva inayoweza kupitisha data kwenye uzi usiokuwepo.

Angalizo kwa bodi zenye tundu la USB-C: baadhi ya zile za bei nafuu hazina vipingamizi vinavyoiambia kompyuta itoe umeme, hivyo hazipati umeme kabisa kwa waya wa C pande zote mbili. Tumia waya wenye kichwa kipana cha kawaida upande wa kompyuta. Na kama bodi yako ya ESP32-S3 ina matundu mawili, moja limeandikwa UART na jingine USB, jua kuwa kila tundu linaonekana kwa kompyuta kama kifaa tofauti. Chagua moja, na ubaki nalo hadi mwisho wa mwongozo huu.

## Hatua ya 2: Soma namba za chipu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoamua zote zinazofuata.

Kompyuta haizungumzi na Arduino wala ESP32 moja kwa moja. Kwa bodi nyingi, inazungumza na chipu ndogo iliyo kati yake na tundu la USB, kazi yake ikiwa kugeuza USB kuwa mawasiliano ya siriali (biti moja baada ya nyingine). Draiva ni ya chipu hiyo. Ndiyo maana kutafuta «draiva ya ESP32» kunakupoteza: bodi mbili za ESP32 zenye umbo lilelile zinaweza kuwa na chipu tofauti, moja CP2102 na nyingine CH340. Arduino Nano nazo ni hivyo hivyo. Kuna zenye FT232RL na kuna zenye CH340.

Kwenye Device Manager, bofya kifaa chako kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, nenda Details, kisha kwenye orodha ya kushuka chagua Hardware Ids. Utaona maandishi kama haya:

USB\VID_1A86&PID_7523

VID ni namba ya mtengenezaji na PID ni ya bidhaa. Ziandike. Kwenye Linux utazipata kwa amri ya lsusb. Kwenye Mac fungua System Information, sehemu ya USB.

Linganisha na hizi:

- 1A86 na 7523: CH340, iliyo kwenye bodi nyingi za bei nafuu.
- 1A86 na 55D4: CH9102, ya mtengenezaji huyohuyo, WCH.
- 10C4 na EA60: CP2102 na ndugu zake, ya Silicon Labs.
- 0403 na 6001: FT232R, ya FTDI.
- 2341 na 0043: Arduino Uno R3 halisi.
- 303A na 1001: USB ya ndani ya ESP32-S3 au C3, bila chipu ya kati.

Kuna namba mbili zinazosema habari nyingine kabisa. Ukiona VID_0000 na PID_0002, pamoja na maneno «Device Descriptor Request Failed», kompyuta imehisi kuna kitu lakini haikupata jibu ilipokiuliza jina. Hilo si suala la draiva. Rudi hatua ya 1, na ikigoma kwenye kompyuta nyingine pia, chipu ya USB inaelekea imekufa.

Namba ya pili ni 0403 na PID 0000. Mwaka 2014 draiva ya FTDI iliyosambazwa kupitia Windows Update ilibadilisha namba za chipu bandia zikawa sifuri. Bodi ya zamani yenye namba hiyo ilipitiwa na tukio hilo.

Dalili ya mafanikio: una namba mbili kwenye daftari na unajua jina la chipu. Usiamini tangazo la duka wala picha. Amini namba.

## Hatua ya 3: Soma kosa lenyewe, neno kwa neno

Bado kwenye Properties, fungua General na usome panapoandikwa Device status.

Code 28 maana yake hakuna draiva. Hili ndilo kosa jepesi kuliko yote: nenda hatua ya 5.

Code 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza. Kwa bodi hizi, mara nyingi draiva ipo ila si yake, au toleo halifai. Anza hatua ya 4.

Code 43 maana yake kifaa kimeleta hitilafu na Windows imekisimamisha. Shuku waya, umeme au bodi kabla ya draiva.

Code 52 maana yake Windows haiwezi kuthibitisha saini ya draiva. Watu wengi hapa hushauriana kuzima ukaguzi wa saini. Usifanye hivyo. Draiva za watengenezaji wa chipu hizi zina saini. Isiyokuwa nayo pengine ni ya kale mno, au imetoka mahali pasipoaminika. Ifute uchukue ya mtengenezaji.

Kama Device Manager haina alama yoyote ya kosa lakini programu haipandi kwenye bodi, soma ujumbe wa Arduino IDE. Tofauti iko kwenye maneno ya mwisho:

- «The system cannot find the file specified»: poti uliyochagua haipo. Pengine Windows imeipa bodi namba mpya. Chagua poti sahihi kwenye menyu ya Tools.
- «Access is denied»: poti ipo, lakini haifunguki. Nenda hatua ya 6.
- «not in sync: resp=0x00»: poti imefunguka ila chipu kuu (ile inayoendesha programu yako) haijibu. Kwa Nano, jaribu Tools, Processor, kisha ATmega328P (Old Bootloader).
- «Failed to connect to ESP32»: poti imefunguka. Shikilia kitufe cha BOOT programu inapoanza kupanda, na uachie maandishi ya asilimia yakianza kutokea.

Makosa mawili ya mwisho hayahusiani na draiva kwa kawaida. Ukianza kufuta draiva kwa sababu ya «not in sync», unaweza kuharibu sehemu pekee iliyokuwa inafanya kazi.

## Hatua ya 4: Ondoa mabaki

Windows ina kumbukumbu ndefu. Kila bodi uliyowahi kuchomeka imeacha alama yake, na kila draiva uliyoweka bado imehifadhiwa. Ukifuta kifaa bila kufuta draiva, ukikichomeka tena Windows itairudisha draiva ileile mbovu bila kukuuliza.

Kwenye Device Manager fungua menyu ya View, chagua Show hidden devices, kisha panua Ports (COM & LPT). Vifaa vilivyofifia ni vya zamani visivyochomekwa. Futa vile unavyojua ni bodi zako. Usiguse vya Bluetooth wala vya modemu; si vyetu.

Kisha bofya kifaa chako kwa kitufe cha kulia, chagua Uninstall device, na weka tiki kwenye kisanduku kinachozungumzia kuondoa draiva. Kwenye Windows 11 ya sasa kimeandikwa «Attempt to remove the driver for this device». Kwenye Windows 10 ni «Delete the driver software for this device». Tiki hiyo ndiyo yenye kazi. Chomoa bodi, ichomeke tena. Ikirudi na draiva, kuna nakala nyingine imebaki; rudia mpaka irudi bila draiva, au mpaka ibaki ile inayokuja na Windows yenyewe.

Ikiendelea kung'ang'ania, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

pnputil /enum-drivers

Pitia orodha taratibu. Tafuta ch341ser.inf, silabser.inf au ftdiport.inf kulingana na chipu yako, na uandike jina lake linaloanza na oem. Tuseme ni oem42.inf:

pnputil /delete-driver oem42.inf /uninstall

Hakikisha namba mara mbili kabla ya Enter. Ukikosea tarakimu moja unaweza kufuta draiva ya sauti au ya Wi-Fi.

Hali moja ya pekee: kama uliwahi kutumia programu ya Zadig, bodi inaweza kuwa imehama kutoka Ports kwenda Universal Serial Bus devices, na namba ya COM imepotea. Zadig hubadilisha draiva ya siriali ikaweka WinUSB. Wanaotumia ESP32-S3 hukumbwa na hili wanapoandaa JTAG (njia ya kutafutia makosa ndani ya chipu): Interface 0 ndiyo siriali na haitakiwi kuguswa, Interface 2 ndiyo JTAG. Dawa ni ileile, Uninstall device pamoja na tiki, kisha chomoa na uchomeke.

## Hatua ya 5: Weka draiva moja tu

Bodi ikiwa imechomolewa, pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa chipu: wch-ic.com kwa CH340 na CH9102, silabs.com kwa CP2102, ftdichip.com kwa FT232R. Epuka tovuti zinazojitangaza kuwa na draiva za kila kitu, na epuka faili linalozunguka kwenye flashi za darasa zima. Draiva inaendeshwa ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta. Yenye virusi ni vigumu kuizuia.

Kwa CP2102, fungua zip, bofya silabser.inf kwa kitufe cha kulia, chagua Install. Kwa CH340, fungua programu yake na ubonyeze INSTALL. Ikikuambia draiva imewekwa mapema, ni kwa sababu bodi haijachomekwa. Si kosa.

Arduino Uno R3 halisi na ESP32-S3 inayotumia USB yake ya ndani hazihitaji chochote kwa Windows 10 na 11. Draiva yake imo ndani ya Windows. Kuziongezea nyingine ndiko kunakozua mgongano.

Kwetu wengi tunatumia intaneti ya simu, na hapo kuna mtego. Windows ikiwa imewekwa itambue hotspoti yako kama mtandao wa kulipia kwa kipimo, haitapakua draiva yenyewe mpaka uiruhusu. Kwa hiyo rafiki yako mwenye Wi-Fi ya ofisini anachomeka na inakubali papo hapo, wewe unapata Code 28 kwa bodi ileile. Ruhusa iko Settings, sehemu ya Devices kwa Windows 10, au kwa Windows 11 sehemu ya Bluetooth & devices, panapotajwa kupakua kwenye metered connections. Au pakua kwa mkono kama ilivyoelezwa hapo juu.

Dalili ya mafanikio: chini ya Ports kuna jina la chipu likifuatwa na namba, kwa mfano USB-SERIAL CH340 (COM5), bila alama ya njano.

## Hatua ya 6: «Access is denied»

Poti ya siriali hutumiwa na programu moja kwa wakati mmoja. Funga Serial Monitor (sehemu ya IDE ya kusoma na kuandika kwenye poti) ya dirisha jingine la IDE, PuTTY, na programu za printa za 3D kama Cura, ambazo hupenda kuchungulia poti zote zinazotokea. Zima na uwashe kompyuta, fungua Arduino IDE peke yake, ujaribu.

Kama bado inakataa, na chipu yako ni CH340, tazama toleo la draiva: Properties, Driver, Driver Version. Matoleo ya 3.8 yaliyotoka 2023 yamewasumbua wengi wenye bodi za bei nafuu. Poti inaonekana vizuri, hakuna alama ya njano, lakini kupandisha programu kunagoma. Mtu huweza kuhangaika wiki nzima hapa, kwa kuwa kila kitu kinaonekana kizima.

Dawa ni kurudi nyuma:

1. Bofya kifaa kwa kitufe cha kulia, chagua Update driver.
2. Chagua Browse my computer for drivers, kisha Let me pick from a list.
3. Ukiona matoleo zaidi ya moja ya CH340, chagua la zamani, kama 3.5 la 2019, na ubonyeze Next.
4. Chomoa bodi, ichomeke, hakikisha Driver Version imebadilika.

Orodha ikiwa na toleo moja tu, pata kwanza toleo la zamani na uliweke, kisha urudie. Usitumie Search automatically, kwa sababu Windows itakurudishia lile jipya.

Windows Update inaweza kulirudisha siku nyingine. Ikitokea, bonyeza Roll Back Driver kwenye kichupo cha Driver. Pia unaweza kuandika sysdm.cpl kwenye dirisha la Run, ufungue Hardware, kisha Device Installation Settings, uchague No. Jua tu kwamba chaguo hilo linahusu vifaa vyote vya kompyuta hiyo.

## Hatua ya 7: Kwa wa Linux

Draiva za CH340, CP2102 na FT232R zimo ndani ya kernel, yaani kiini cha Linux. Usipakue kitu. Matatizo huwa ni mengine.

Ruhusa kwanza. Ukipata «Permission denied» kwenye /dev/ttyUSB0, jiongeze kwenye kundi la dialout:

sudo usermod -aG dialout $USER

Kisha toka kwenye akaunti na uingie upya. Bila kutoka, hakuna kitakachobadilika.

La pili ni brltty, na limewapata hasa wenye Ubuntu 22.04. Poti inatokea na kupotea papo hapo. Andika sudo dmesg baada ya kuchomeka. Ukiona brltty imetajwa karibu na ch341, umempata mhusika. Brltty ni programu ya vifaa vya nukta nundu kwa wasioona, na baadhi ya vifaa hivyo hutumia chipu ileile yenye namba ileile, hivyo inaidhania bodi yako kuwa ni kimojawapo.

Kama hakuna anayetumia nukta nundu kwenye kompyuta hiyo, iondoe:

sudo apt remove brltty

Kama yupo, usiiondoe. Utamnyima njia yake ya kusoma. Fungua /usr/lib/udev/rules.d/85-brltty.rules kwa sudo, tafuta mstari wenye 1a86/7523, weka alama ya # mwanzoni mwa kanuni hiyo, kisha uwashe kompyuta upya. Ila kwanza muulize kifaa chake kina namba gani.

## Hatua ya 8: Kwa wa Mac

macOS za miaka ya karibuni zinakuja na draiva ya CH340. Ukiweka na ya WCH juu yake, bodi moja inaweza kutokea mara mbili, kama cu.usbserial na cu.wchusbserial. Tumia moja, au ondoa uliyoiongeza. Kwenye laptopu zenye chipu za Apple, ujumbe wa kuruhusu kifaa kuunganishwa ukitokea, bonyeza Allow.

## Hatua ya 9: Jaribio la mwangwi

Hapa ndipo unapoimaliza kesi ya draiva. Tunainyamazisha chipu kuu, kisha tunairudishia chipu ya USB maneno yake yenyewe.

Kwa Uno au Nano, unganisha RESET na GND kwa jampa moja, na pini 0 na pini 1 kwa jampa ya pili. Kwa ESP32 yenye chipu ya kati, unganisha EN na GND, kisha TX0 na RX0. Fanya haya bodi ikiwa imechomolewa, na hakikisha hakuna jampa inayogusa 5V wala 3V3. Jaribio hili halifai kwa bodi zenye USB ya ndani.

Chomeka, chagua poti, fungua Serial Monitor, andika neno lolote na ubonyeze Enter.

Neno likirudi kama ulivyoliandika, waya, chipu ya USB na draiva vyote ni vizima. Usiziguse tena draiva. Ondoa jampa, kisha kagua aina ya bodi uliyochagua kwenye Tools, Old Bootloader, au kitufe cha BOOT.

Neno lisiporudi, peleka bodi na waya huohuo kwenye kompyuta nyingine. Likirudi huko, kompyuta yako bado ina mabaki: rudia hatua ya 4. Lisiporudi hata huko, chipu ya USB imeharibika, lakini chipu kuu inaweza kuwa nzima. Nunua adapta ya USB kwenda siriali, unganisha TX yake na RX ya bodi, RX yake na TX, GND na GND. Kwa ESP32, iweke adapta kwenye volti 3.3 kabla ya kuunganisha. Pini zake hazijatengenezwa kupokea volti 5.